Unataka boti ya tanga ya bei chee? Anza na pa kuifunga

Kila nikiweka picha ya boti naulizwa lile lile, "kaka hiyo umenunua shingapi", na nikijibu watu wanaona nawapiga kamba. Jamani sio kamba. Hapa Uingereza boti ndogo za tanga zilizotumika, zile za futi 20 mpaka 27 zenye kabini, vitanda, jiko na choo, unaweza kupata kwa bei ya gari bovu, na nyingine zinatolewa bure, bure kabisa, we njoo na trela ubebe. Sio kwamba wazungu wana hela za kuchezea. Hizi boti zilitengenezwa kwa maelfu miaka ya 1960 na 1970, faiba ilipoanza kuitoa mbao sokoni, na faiba haiozi, haitobolewi na wadudu wa baharini, kwahiyo boti ya mwaka 1972 bado ipo na inaelea. Walionunua wakiwa vijana sasa ni wazee, magoti yamegoma, watoto wao hawataki hata kuisikia, na kila mwezi yadi ya boti inaleta bili ya kuiweka. Mzee anafika mahali anatamani tu atokee mtu amtue ule mzigo.

Na hiyo bili ndo habari yenyewe ya leo. Watu wengi wanaanza na boti, wanaipenda, wanalipa, afu ndo wanaanza kuuliza nitaiweka wapi. Mimi nasema geuza. Tafuta kwanza pa kuifunga, hapo mahali ndo patakwambia boti gani ununue. Marina, zile bandari za boti za starehe, huku kusini wanachaji kwa mita kwa mwaka, boti ya mita 8 inaweza kula paundi 4,000 na zaidi kila mwaka, yaani unalipa upya bei ya boti kila Januari wakati boti yenyewe imekaa tu na kamba zake. Mimi bajeti yangu yote ilikuwa paundi 4,000, hapo ndani kuna boti, mwaka wa kwanza wa kuifunga, bima, rangi, na vitu vitakavyovunjika, maana vitavunjika. Marina ikafa hapo hapo kabla sijaangalia boti hata moja.

Kinachobaki kwa mtu wa kipato chetu ni tope. Nakaa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, na ukanda huu wote wa mashariki, kuanzia mto Medway, Swale, mpaka kuvuka Essex kule Maldon na Burnham-on-Crouch, ni vijito na matope, maji yakipwa boti zimekaa chini zinaangaliana, yakijaa zinaelea. Kuna klabu ndogondogo za wanachama wanaojifanyia kazi wenyewe, wanapaka rangi wenyewe, wanachimba nguzo wenyewe, na ukiwa mwanachama ukakubali kuja Jumamosi kubeba mbao na kuchota tope unapata nafasi kwa mia kadhaa tu za paundi kwa mwaka. Nafasi yenyewe haina maji saa zote, unatoka na kurudi kwa ratiba ya maji. Kwa mtu aliyekulia pwani hilo wala sio jambo la kuelezwa, sisi bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) tumeyajua kabla ya kujua kusoma, lakini Waingereza wengi hawataki kusumbuliwa na maji kupwa, wanataka kutoka saa yoyote, ndo maana bei iko chini.

Nilimtumia mjomba wangu wa Tanga video ya boti ya kwanza niliyoitamani. Huyu mzee maisha yake yote ni mashua za mizigo, Tanga na Pemba, Pemba na Tanga. Nikampigia, shikamoo mjomba, marahaba, umeiona? Hakuuliza bei wala mwaka. Akasema, "Hiyo maji yakipwa italalaje?" Nikamwambia ina mkuku (ule uti wa chini ya boti) mmoja mrefu katikati. Akacheka, akasema basi wewe utalala kwenye ukuta na chai yako itamwagika. Afu akataka nimuoneshe kalafati, zile pamba za kuziba kati ya mbao. Nikamwambia mjomba hii faiba, haina mbao, haina kalafati wala deheni (mafuta ya kupaka mbao). "Sasa ikitoboka unaziba na nini?" Nikamweleza habari ya resini na kitambaa cha faiba, unasaga pale pabovu, unapaka, unabandika, unapaka tena, inaganda. Hakuridhika mpaka leo, anaona nimenunua ndoo.

Ila kwenye la mkuku alikuwa sahihi mia kwa mia. Ukishaamua tope, boti inayokufaa ni ya mikuku miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, maji yakikauka inasimama wima yenyewe. Waingereza walitengeneza nyingi kuliko mtu yeyote kwa sababu ya hizi pwani zao. Na malkia wa hizo boti ni Westerly Centaur. Futi 26, imechorwa na kampuni ya wachora boti ya Laurent Giles, ilitoka 1969 mpaka 1980 na zilitengenezwa zaidi ya 2,400, kwahiyo haziishi sokoni. Inataka maji ya futi 3 tu kuelea. Ndani mtu mzima unasimama bila kuinama, kitu ambacho kwenye boti nyingi za urefu huo hakipo, na ina injini ya dizeli ndani. Nilizoziona mimi zilizo tayari kwenda baharini zilikuwa kati ya paundi 2,000 na 6,000, na tofauti karibu yote ni injini.

Mabaya yake nayo tuseme. Haiendi joshi vizuri, yaani kuelekea upepo unakotoka. Ukipiga bisha (kwenda kwa kukatakata kulia na kushoto) upepo ukiwa usoni na mawimbi mafupi ya huku, utaona ile nyumba uliyoiona saa nzima iliyopita bado iko pale pale, mwisho unawasha injini. Mawimbi yakipiga katikati ya ile mikuku inatoa mlio wa kofi, usiku haulali. Na kubwa zaidi ni pale mikuku inaposhikana na mwili wa boti. Miaka hamsini ya kukaa chini na kunyanyuka, kukaa na kunyanyuka, zile za zamani pale panachoka. Fungua masanduku yote chini ya vitanda, ingiza tochi, angalia kwenye bolti za mkuku kama kuna nyufa zinazokimbia kwenye faiba, kutu inayochuruzika, au maji. Kama boti iko nchi kavu nenda nje ukausukume mkuku kwa bega huku mwenzio anaangalia ndani. Ikichezacheza, we sema asante ondoka. Zipo ambazo mwenye nazo alishaongeza matabaka ya faiba pale ndani, hiyo ndo unayoitaka, hasa kama ana risiti.

Hapa kuna kitu nataka kukirudia mpaka watu wachoke: kwenye boti za zamani hela aliyotumia mwenzio hairudi kwenye bei. Mtu kaweka injini mpya ya dizeli, ikifungwa na fundi hiyo inavuka paundi 7,000 kirahisi, lakini akija kuuza boti ile ile anapata labda elfu mbili tatu za juu. Nyaya za kushika mlingoti zikibadilishwa zote ni 1,500 na kuendelea, tanga kuu na la mbele yakishonwa mapya ni 2,000 na kitu. Jumlisha hapo uone. Kwahiyo boti ya paundi 500 ambayo "inahitaji kazi kidogo" ndo boti ghali kuliko zote hapo yadi, na ile ya 3,000 ya mzee mmoja mwenye faili la risiti, kila kitu kakiandika kwa kalamu tarehe na bei, ndo ya bure. Nilikuwa nikifika kwa muuzaji naomba faili kwanza, boti baadae.

Kama huna hata hiyo 3,000 shuka saizi. Futi 20 mpaka 22, injini ya kuning'iniza nyuma ya hosipawa 4 mpaka 6 yenye mguu mrefu. Injini ya hivyo ikifa unaibeba begani unaenda kununua nyingine iliyotumika, dizeli ya ndani ikifa umekwisha. Kuna Hurley 22, ilikuwa inajengwa Plymouth, nzito kwa saizi yake na inavumilia bahari. Kuna Corribee ya futi 21, ndogo kweli kweli ndani unakaa umeinama, lakini Ellen MacArthur akiwa na miaka 18 mwaka 1995 alizunguka Uingereza yote peke yake na Corribee, kwahiyo usije ukaniambia boti ndogo haiendi popote. Zote hizo zipo za mkuku mmoja na za miwili, uliza kabla hujapanda treni kwenda kuiona. Tatizo la injini ya kuning'iniza ni kwamba bahari ikichafuka nyuma ya boti inanyanyuka na pangaboi inazungukia hewani, unasikia injini inapiga kelele na boti haiendi. Utaizoea, ila usiitegemee kukutoa kwenye mawe.

Afu kuna wale wanaotaka Contessa 26 kwa sababu Tania Aebi alitoka New York 1985 akiwa na miaka 18 akazunguka dunia nayo akarudi 1987. Boti nzuri sana, mimi mwenyewe naitamani mpaka kesho. Ila ni nyembamba, ndani inabidi uiname, mkuku wake mmoja mrefu haukai kwenye tope letu bila kulala, na jina lake linaongeza bei. We unaenda Ramsgate hapa hapa Kent na kurudi bana, sio Cape Horn kule ncha ya Amerika Kusini. Ukipata hela ya nafasi yenye maji saa zote ndo uifikirie.

Sasa kuangalia boti yenyewe. Nenda siku ya mvua. Kila mtu anataka siku ya jua, boti zote zinapendeza kwenye jua, mvua ndo itakuonesha madirisha gani yanavuja. Ukiingia nusa kwanza kabla hujaongea. Harufu ya ukungu na dizeli kidogo ni kawaida ya boti iliyofungwa, harufu ya gesi toka nje mara moja, na hapa sitanii, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi ikatoka dirishani, inashuka inakaa kwenye ngama, lile shimo la chini kabisa ya boti, chini ya miguu yako inasubiri cheche. Afu nyanyua mbao za sakafu uone ngama yenyewe. Maji kidogo yapo, lamba kidole, ya chumvi yanatoka baharini, yasiyo na chumvi ni mvua au tanki. Mstari wa uchafu ukutani juu ya sakafu maana yake maji yalishafika pale siku moja, mwambie mwenye boti akusimulie.

Bisbisi yenye mpini wa plastiki iwe mfukoni. Boti nyingi sitaha yake ni faiba juu, faiba chini, katikati kuna mbao laini ya balsa, na maji yakishapenya kwenye tundu za bolti ile balsa inaoza bila kuonekana. Piga magoti ugonge gonge na ule mpini kuanzia omo (mbele) mpaka shetri (nyuma). Pazuri panalia kavu, tak tak tak, pabovu sauti inakufa, dup. Zunguka hasa kwenye nguzo za reli, kwenye winchi na chini ya mlingoti. Kuna boti moja kwenye kijito cha upande wa Swale nilipiga hivyo, kuanzia mlingoti kurudi nyuma ikawa dup dup dup mpaka mwenye boti akaanza kukohoa. Mke wangu aliyekuwa amesimama chini kwenye tope na mwavuli akasema kwa Kiswahili, baba nanii twende zetu, na tukaenda.

Injini iwe baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu yake hata kabla ya salamu, ikiwa ya moto kuna anachoficha. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia. Iwake yenyewe bila maombi. Moshi mweusi kidogo mwanzoni sawa, wa bluu inakula oili, mweupe usioisha ndo wa kuogopa. Toa kichwa nje uangalie bomba la nyuma, lazima lirushe maji, kama halirushi zima. Centaur nyingi zilitoka kiwandani na Volvo Penta MD2B, chuma kizito kisichokufa kirahisi, ila inapoozwa na maji ya chumvi moja kwa moja na spea zake bei inauma. Ukikuta mtu alishaitoa akaweka Yanmar au Beta, hata iliyotumika, hapo simama vizuri ongea bei.

Vali za tundu za chini ya maji, zile za choo na sinki, watu wanaziruka na ndo zinazozamisha boti gatini. Wengine walifunga koki za shaba rahisi za bomba la nyumbani, maji ya chumvi yanakula zinki yote ndani yake, inabaki shaba ya pinki inayovunjika kama biskuti. Kwangua na kisu, ukiona upinki hesabu kuzibadilisha zote boti ikiwa juu. Na waya za mlingoti, pitisha kitambaa ukitoka chini kwenda juu, uzi mmoja ukishika kitambaa waya umeshakatika nyuzi. Waulize pia zina umri gani, maana kampuni nyingi za bima hapa hazitaki kusikia zaidi ya miaka kumi hivi kwa bima kubwa. Mimi nilichukua bima ndogo tu, ile ya kulipa madhara ya wengine, klabu inaitaka na bei yake haiumi.

Malengelenge ya faiba, hili Waingereza wanalifanya kama ugonjwa wa kuambukiza. Maji yanapenya taratibu kwenye faiba ya zamani, tumboni kunatokea vipele, ukikitoboa kinatoa majimaji yenye harufu ya siki, vaa miwani ukifanya hivyo. Kutibu boti nzima kitaalamu ni gharama kuliko boti. Lakini sijasikia boti iliyozama kwa vipele, na kwa boti ya miaka hamsini ya paundi elfu mbili we tumia vipele kushusha bei afu ziba vichache kila ukiipandisha. Hivyo hivyo na kitambaa cha dari kwenye Westerly, sponji ya nyuma inageuka unga na dari inaning'inia juu ya kitanda, inatisha kwenye picha, inafukuza wanunuzi, na haina madhara yoyote zaidi ya kukugusa pua ukilala. Dari iliyoanguka ni rafiki yako kwenye maongezi ya bei.

Mkaguzi wa kitaalamu wanachaji kwa futi, ukishaweka na kreni ya kuinyanyua inaweza kufika robo ya bei ya boti hizi. Kwa boti ya elfu moja mimi nisingemlipa, ningemlipa mzee wa klabu chupa ya ramu aje na nyundo yake. Kwa elfu tano lipa.

Karatasi: huku boti ya kuzungukia maji ya nyumbani haina ulazima wa kusajiliwa na wala huhitaji leseni kuiendesha baharini, mito ya ndani na mifereji ni habari nyingine. Raha, ila maana yake hakuna kadi ya boti. Uthibitisho wako ni hati ya mauzo iliyosainiwa, na bora zaidi mlolongo wa hati za nyuma, huyu alimuuzia huyu. Pigia simu ofisi ya yadi kabla hujalipa, uliza kama boti inadaiwa, maana yadi inaweza kuishikilia na deni ukabebeshwa wewe. Ukitaka kuvuka kwenda Ufaransa utaiandikisha kwenye Small Ships Register, fomu fupi ya mtandaoni.

Na nunua Oktoba. Aprili kila mtu ameota jua anataka boti, Oktoba mwenye boti anaangalia bili ya kreni na ya kuiweka nchi kavu mpaka masika, anakuwa mtu mwingine kabisa. Yangu, Centaur ya 1974, ilitangazwa 3,900, nikaiona mwishoni mwa Oktoba, nyaya mpya zenye risiti, Yanmar iliyotumika lakini inawaka ukiigusa tu, mikuku ilishaongezewa faiba ndani, matanga yamechoka, dari yote chini. Tuliishia 2,600. Iliyobaki ikaenda kwenye klabu, bima, rangi ya chini, vali mbili na henza (kamba ya kupandisha tanga) mpya.

Wanaoniuliza kama naweza kuwatumia moja nyumbani: kuipakia kwenye meli ni ghali kuliko boti, na kuja nayo mwenyewe sasa hivi kupita Bahari ya Shamu sikushauri, kuzunguka Cape ya Afrika Kusini ni safari ya watu wengine. Kwa walioko Tanga, Dar au Mombasa, angalieni wageni wanaozunguka dunia na boti zao wanaotia nanga Kilifi, Tanga na Zanzibar. Kila baada ya muda kuna mmoja anachoka, anagombana na mwenzake, au anaugua, anataka kupanda ndege arudi kwao na boti anaiacha kwa bei ya hasira. Ila kabla hamjapeana mkono nendeni forodha, boti ya mgeni inakuwa imeingia kwa muda tu bila ushuru, na mkishainunua ushuru unawageukia nyinyi. Jueni kiasi gani kwanza, ndo muanze kuongea bei.